Vidonge vya Lea

Baba Lea,

Ukiamka, ugali nimeufunika jikoni. Kuku wafungulie.

Nampeleka Lea hospitali Kilosa tukaombe vidonge vingine vya kumtuliza hofu, maana vyake vimemezwa na balozi wa nyumba kumi.

Hongera kwa hotuba! Juzi tu ulisema mtoto anayetetemeka akienda shule anadeka, apewe jembe na siyo dawa. Leo asubuhi umesikia Mkuu wa Wilaya anakuja shamba la ujamaa, mikono ikakutetemeka, ukameza viwili. Lea hupewa nusu. Umekoroma jukwaani mpaka mgeni akaondoka, vijana wakakubeba hadi hapa.

~~Lea asijue.~~ Tukirudi, mwambie mwenyewe kwamba uliogopa. Mimi hataniamini.

Mama Lea