Mshale Uliobaki kwenye Tisini

Bagamoyo,
Jumamosi, 18 Juni 1955

Kwa ndugu yangu Bwanausi bin Kibwana, Tanga.

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake ziwe juu yako, na juu ya shemeji yangu Adija, na wote waliomo nyumbani mwako. Shikamoo yako nimeikuta ndani ya barua. Marahaba, ndugu yangu. Sisi huku afya zetu si mbaya. Mvua zimechelewa kutuaga, asubuhi kuna baridi, na goti langu la kushoto hunikumbusha umri kila niinamapo. Ninyi je? Kifua cha Adija kimepoa?

Barua yako ilikuwa na maswali mawili. La kwanza, ununue geji gani ya kupimia pumzi ya injini, kwa kuwa umepata kazi ya kutunza pampu kwenye shamba la mkonge. La pili, kama ni kweli yanayosemwa huko juu ya mwanao Rajabu. Niruhusu nianze na la kwanza. Nina sababu, nawe utaiona.

Injini ndogo huvuta hewa na petroli, pistoni ikapanda ikaviminya, kisha cheche ikawasha. Ringi zikilika, au valvu isipofunga sawasawa, hewa hupenya pembeni, ndipo tunaposema injini haina pumzi. Geji huingizwa kwenye tundu la plagi, injini ikazungushwa mara tano au sita, mshale ukapanda na kukaa pale ulipofika. Hukaa kwa sababu ndani mna valvu ndogo inayozuia pumzi isirudi. Ukimaliza kusoma unabonyeza kitufe, pumzi inatoka, mshale unarudi kwenye sifuri.

Basi usinunue ile yenye kichwa cha mpira cha kukandamiza kwa mkono. Mkono ukilegea kidogo tu, geji itaisingizia injini ugonjwa isio nao. Tafuta yenye skrubu, na uende dukani na plagi yako ulinganishe meno, maana tundu za injini hazifanani. Tazama na uso wake. Injini zetu hizi zina pumzi ya ratili, yaani paundi, sabini hadi mia. Geji inayofika mia tatu ni ya malori, na alama zake zimebanana hata macho ya mzee hayazioni. Ukiweza, mwombe mwenye duka akutolee tatu, uzipime zote kwenye injini moja. Inayosema peke yake, iache.

Kuitunza si kazi kubwa. Ifute kila umalizapo, usiiangushe, mpira wake usiupake mafuta. Valvu itie tone moja la mafuta mepesi ya cherehani, si mengineyo. Na kabla ya kuifunga kwenye injini, hata kama una haraka, hata kama watu wanakutazama, <u>hakikisha kwa macho yako kwamba mshale uko kwenye sifuri</u>. Maneno hayo nimeyapigia mstari kwa makusudi.

Sasa swali la pili. Kalamu nimeiweka chini mara mbili kabla ya kuandika haya.

Ni kweli, Rajabu yuko mahabusu. Chakula nampelekea mwenyewe, na hajapigwa. Alhamisi ile ya tarehe pili mto Ruvu ulikuwa umejaa. Motaboti ya Bwana Humoud, anayovushia watu, ilizimika katikati ya mto ikiwa na abiria kumi na wawili, na Rajabu ndiye aliyekuwa akiiendesha. Aliivuta kamba ya injini mpaka viganja vikachubuka. Maji yakawachukua, wakapita karibu na viboko, na chombo kikapinduka kwenye fungu la mchanga mdomoni mwa mto. Kumi na mmoja wameokolewa. Bi Fatu wa Mbegani, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akienda kumtazama dada yake mgonjwa, hajaonekana mpaka leo.

Injini imezama matopeni, haiwezi kutoa ushahidi. Kilichobaki ni karatasi. Asubuhi ile Bwana Humoud aliuogopa mto, akaniita niipime injini, nami nikamwandikia kwa mkono wangu: ratili tisini, injini nzima. Kwa hiyo watu wanasema, kama injini ilikuwa nzima, kosa ni la aliyeishika. Wapo wasemao aliizima makusudi abane petroli. Jumatatu kesi inasikilizwa bomani, na karatasi yangu ndiyo itakayomfunga mwanao.

Hapa nakuomba usome taratibu.

Kabla abiria hawajapanda, Rajabu alinijia akaniambia kwa adabu, "Baba mkubwa, leo nikiivuta kamba naiona nyepesi mkononi. Injini haina pumzi." Watu walikuwa wanasikia. Nikamwonyesha mshale, nikamwuliza mkono wake umesoma shule gani. Wakacheka, na mmoja akamwambia, "Mwalimu Salumu kakupa sifuri, ewe." Angalikuwa mtu baki angalibisha. Lakini mtoto habishani na baba yake mkubwa mbele za watu. Ndivyo mimi na wewe tulivyomlea. Alisema, "Sawa, baba mkubwa," akaingia chomboni.

Kesho yake alfajiri nilifungua sanduku la geji. Haikuwa imefungwa kwenye injini yoyote, na mshale ulisimama kwenye tisini. Nikabonyeza kitufe, haukutikisika. Nikaiweka kwapani kama mtu apashaye kifaranga joto, na baada ya muda ikatoa sauti ndogo, psss, mshale ukashuka wenyewe.

Bwanausi, tisini ile ilikuwa pumzi ya mashine yangu ya kusagia. Niliipima Jumatano magharibi, adhana ikanikuta, nikaitia geji sandukuni bila kuitoa pumzi. Asubuhi kidole kilibonyeza kitufe kwa mazoea, jicho likiwa kwa watu. Na kitufe hakikufanya kazi kwa sababu mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha, nami nikatia ya nazi, kama sisi watu wa pwani tutiavyo kila mahali, nywele, bawaba na taa. Kila mtoto anayepakwa kichwani asubuhi za kipupwe anajua kwamba mafuta ya nazi huganda. Nililifundisha jambo hilo darasani miaka ishirini na miwili. Basi geji niliifunga mshale ukiwa tayari kwenye tisini, na injini dhaifu haikuweza kuusogeza; injini ya Bwana Humoud sikuipima kamwe.

Nimelijua hili siku kumi na tano, na sijamwambia mtu. Askari akipita barazani naingia ndani. Njia ya Mbegani siipiti, nisionane na watoto wa marehemu. Jana nilipopeleka chakula, Rajabu aliniuliza kama huenda ni kweli mkono wake ndio ulimdanganya. Nilichukua sahani nikaondoka.

Nimeazimia Jumatatu nisimame niseme yote. Lakini sasa ninajijua kuwa mwoga, na azma ya mwoga haidumu siku mbili. Kwa hiyo barua hii naitia posta leo, nisiweze kuirudisha. Itakapokufikia, Jumatatu itakuwa imepita. Usiandike kuniuliza. Waulize wanaotoka huku kama Mwalimu Salumu alisema. Wakikwambia hakusema, panda gari siku hiyo hiyo, uiweke barua hii mkononi mwa hakimu.

Msomee Adija yote, usimfiche. Nisalimie watoto na majirani. Radhi sikuombi leo. Nitaiomba uso kwa uso, Mungu akitukutanisha.

Ni mimi kaka yako,
Salumu bin Kibwana