Kompyuta ya Maabara Ilipomkataa Yustina

Kibondo, Alhamisi, 2014

Nimekuja kuimarisha ulinzi wa kompyuta za hospitali ya hapa. Asubuhi niliiamuru seva ya hospitali ikatae kila ombi lisilo na sahihi ya kidijitali, yaani alama ya siri inayothibitisha ombi limetoka kompyuta gani, ili mtu asijipenyeze kwenye mtandao akabadilisha ruhusa za watumishi. Kompyuta zote zikatii, isipokuwa ya maabara.

Mama Yustina, mkuu wa maabara, alinifuata mwenyewe. "Mwanangu, kuna mzazi kutoka Murungu anasubiri damu, na mashine hainitambui!"

Mganga mkuu akaniambia niondoe huo ulinzi. Nilimwomba anivumilie. Mama Yustina akaendelea kuandika majibu kwa mkono, mimi nikahangaika na kompyuta yake. Ni ya zamani, mpangilio mpya wa kutia sahihi haukuifikia. Nikauweka mwenyewe, nikaiwasha upya.

"Imenijua!" Mama Yustina akapiga makofi. Yule mzazi naye ameshaongezewa damu, anaendelea vizuri.

Wiki ijayo ni zamu ya hospitali ya Kasulu, na kompyuta za kule ni chakavu zaidi. Naogopa, sitajidanganya.

Lakini jioni mganga mkuu alipita akauliza, "Umeuondoa ule ulinzi?"

"Hapana, daktari. Upo."

Akatazama kompyuta ya maabara ikifanya kazi. "Basi uache."