Sabufa Mbili Zangu na Moja ya Kirui

Alhamisi, jioni. Mvua imepiga hapa kijijini Ziwa tangu saa nane na matope imefika mpaka mlangoni. Nimekaa ndani ya gari yangu, kwa sababu nyumbani wanaongea habari ya Kirui.

Nina wivu. Basi, nimeandika. Kanisani sitasema.

Kirui ni jirani yangu na rika yangu. Tulitahiriwa Disemba moja. Yeye hakupepesa jicho, na mimi sikupepesa, lakini kwa ule mstari mimi ndiye nilikuwa mbele. Tangu siku hiyo sijawahi kurudi nyuma yake. Ng'ombe wangu wanamshinda kwa maziwa. Mahindi yangu inasimama wakati yake imelazwa na upepo. Na muziki ya gari, nani hajui? Harusi ya ukoo wetu, gari yenye muziki ndiyo inatangulia gari ya bibi harusi, na hiyo gari imekuwa yangu tangu wakati wa kaseti.

Sasa Kirui ameweka sabufa, ile spika ya besi. Moja! Ya inchi kumi, imekaa kwa buti ya gari kama sufuria ya uji. Amplifaya yake ni ndogo, inaweza kuingia kwa mfuko wa koti. Mimi nina sabufa mbili za inchi kumi na tano, kila moja na sanduku lake, na amplifaya ambayo boksi yake imeandikwa wati elfu tatu. Hiyo namba nilisoma mwenyewe.

Jumapili familia ilikutana kwangu kupanga harusi ya mjukuu wangu Chebet, ambaye anaolewa Kaptagat Jumamosi hii. Nikasema ngoja wasikie kitu. Nikafungua sauti ya muziki mpaka mwisho. Ikanguruma mara tatu, kuku wakatoroka, halafu taa nyekundu ikawaka kwa amplifaya na kila kitu ikanyamaza.

Kirui alikuwa amealikwa. Alifungua tu buti yake.

Ile sufuria ya uji iliimba. Ngoma ilikuwa inaingia kifuani safi, na maneno ya mwimbaji bado unayasikia moja moja. Kina mama wakapiga vigelegele.

Mke wangu alicheza.

Mara ya mwisho nilimwona akicheza vile, mimi nilikuwa bado na meno yangu yote.

Chebet akanivuta kando. “Kugo, babu yangu, usikasirike. Kaptagat ni mbali na sitaki muziki ife njiani. Niletee gari Ijumaa nisikie. Ikizima tena, Mzee Kirui atatangulia.”

Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Leo asubuhi nilienda mtaa wa Langas kwa Wekesa, fundi wa redio za gari. Nilimwambia amplifaya ni mbovu, nimeuziwa takataka. Akapima waya zake, akacheka.

“Mzee, hii haina makosa. Ni wewe unaitesa.”

“Mimi nilianza muziki ya gari kabla uzaliwe,” nikamwambia.

“Ni sawa, Mzee. Lakini umewahi kulima na ng'ombe?”

Kuniuliza mimi hiyo! Nikamwambia nimelima heka nyingi kuliko nywele za kichwa chake.

“Basi hii elfu tatu ya boksi ni ng'ombe akiruka ua mara moja. Hawezi kulima hivyo siku nzima. Nguvu ya kulima ndiyo inaitwa RMS, na yako ni mia tano tu. Spika moja ya hizi inakula hiyo mia tano yote. Tena ni ya ohm mbili, na ohm ikipungua mzigo unazidi; amplifaya haikubali chini ya hapo. Ukiunganisha mbili vile umefanya, inabaki ohm moja. Ndama mmoja, jembe mbili. Anapiga magoti.”

Akatoa waya ya sabufa moja, akawasha. Walai, sijawahi kusikia gari yangu ikiimba namna ile! Robo saa, taa nyekundu haikuonekana.

Nikamwambia arudishe waya yote vile ilikuwa.

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilifikiria uso wa Kirui akiona nimebaki na moja kama yeye. Wekesa akarudisha.

Nilipokuwa natoka nikamwuliza ni nani alimfungia Kirui sabufa yake. Akasema hakuna fundi. Kirui alisoma kile kijitabu cha ndani ya boksi, akachagua amplifaya ya kutosha sabufa yake.

Hapo ndipo inauma. Mimi pia nilikuwa na kijitabu. Nilikifungua, nikaona Kiingereza, nikasema hii ni ya watoto. Mimi nilitolewa darasa la tatu nikachunge ng'ombe. Kirui akaendelea, akawa mwalimu. Kwa mstari wa shule mimi sikuwa mbele, na hakuna mtu amewahi kuniambia. Ni mimi najiambia.

Nimewasha gari sasa hivi nijaribu tena na zote mbili. Muziki imezima kabla wimbo haijafika katikati.

Basi. Kesho nikimaliza kukamua narudi Langas. Sabufa moja itabaki kwa Wekesa, na Chebet atasikia ile nyingine. Jumamosi nitatangulia mimi.

Na Kirui akiniuliza nani alinifundisha, nitasema nilijua tu. Ama nimwombe anisomee kile kijitabu?