Damu ya Jumatatu

Ubon, mwezi wa saba, mvua zimeshaanza

Dada yangu mpendwa Wilai,

Kwanza nakuunganishia viganja kifuani kwa heshima, wewe uliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimepoa? Mama mzima, anatukana kuku wa jirani kama kawaida, na miche ya mpunga imeshika. Mimi pia sijambo, ila nimepungukiwa meno mawili ya mbele, na mkono wa kulia una kovu kutoka vifundoni hadi kiwikoni. Nimeagiza barua hii iachwe kwa mlinzi wa bweni lenu. Isome yote kabla hujaichana.

Kazi yangu ya maabara unaijua. Kila Jumatatu natolewa damu, kama mtu mwenye afya, ilinganishwe na ya wakulima wanaouawa na kijidudu cha matope. Damu hiyo nilijivunia kuliko mikanda yangu ya ngumi. Narin, mchumba wako, ndiye aliyezitenga chembe nyeupe, akazimwagia vijidudu, akahesabu ni ngapi zimeua. Ni vita ile, dada. Chembe nzima hukizungushia kijidudu ngozi yake, kama sisi tunavyofinya wali wa kunata kuzunguka kipande cha samaki, kisha hukiulia humo humo ndani. Katika chembe zangu mia, themanini zilikuwa zinaua.

Mwezi wa tatu zikashuka hadi thelathini. Narin akarudia mara nne, thelathini. Wenzetu wakaanza kunitania kwamba bondia kaishiwa, hata chembe zake zinakimbia ulingo. Daktari Phanida, mkubwa wetu, akasema Narin ana mikono mizito, anaziharibu. Nami nikamwunga mkono kwa sauti kubwa. Narin akafukuzwa.

Ikafika sikukuu ya kumwagiana maji. Narin alinivuta nyuma ya ghala la mama, akaninong'oneza, nikampiga. Ngumi ya kwanza ilivunja taya, nikalisikia likilia kama muwa. Ya pili ilipita kwenye meno yake, ikanichana vifundo. Alipoanguka nikamkanyaga mbavu, hadi ulipokuja wewe ukalala juu yake na gauni lako jeupe likaloa damu. Nikakuambia mbele ya wazee kwamba amesema damu ya ukoo wetu imeoza tangu kwa marehemu baba. Yeye hakuweza kujibu, taya lilikuwa linaning'inia. Ukamtupia pete yake, na wiki ile ile ukapanda basi la kwenda viwandani Rayong.

Kidonda nilichochanwa na meno yake kikavimba. Siku ya tano mkono ulikuwa mweusi, unanuka. Daktari wa upasuaji akaupasua hadi kiwikoni, akaniuliza nameza dawa gani. Nilimdanganya mara mbili. Aliponichora mstari wa wino juu ya kiwiko, pale ambapo angekata, nikasema.

Tangu Januari nilikuwa nameza vidonge vya kupunguza mafuta ya damu, vya sokoni, bila daktari, mara tatu ya kipimo. Baba alianguka akipura mpunga, ana miaka arobaini na minne, moyo umezibwa na mafuta, nami natimiza arobaini na tatu. Niliogopa, dada, nikaona aibu kuogopa. Daktari Phanida amenieleza kwamba ngozi ya chembe nyeupe yenyewe ni mafuta, ndiyo maana inakunjika. Nilikuwa nimeyapunguza hadi ngozi ikagoma kukunjika. Wiki sita baada ya kuacha vidonge nilipimwa tena, zikaua sabini na nane. Narin alihesabu sawasawa siku zote.

Na nyuma ya ghala hakumtaja baba. Aliniuliza hivi: "Kaka Kham, kuna dawa unameza? Niambie mimi, sitamwambia mtu." Basi. Ya damu iliyooza niliyatunga mimi, na yeye akiwa bado anatapika damu miguuni pako.

Jumapili moja nikaenda kwake, nikamkuta anatwanga saladi ya papai. Nikamwambia yote. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanipiga mchi mdomoni. Nikaanguka kizingitini, akaniongeza pigo begani, na jingine mgongoni, mpaka mchi ukapasuka. Sikuinua mkono. Akakaa chini akihema, akasema, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo, kwamba mimi ni mbwa, tena mbwa mwoga, na kwamba wewe hutamwamini hata akiapa mbele ya watawa. Niandike mimi, kwa mkono huu huu.

Daktari Phanida amemrudisha kazini. Jumatatu iliyopita alinitoa damu yeye. Alinichoma mara tatu akidai mshipa hauonekani, na mishipa yangu unaijua, ni kama kamba za kufungia nyati wa kulimia.

Mama anakusalimu sana. Mimi msamaha nitauomba nikiwa nimepiga magoti, karatasi haitoshi. Aliyeileta barua hii nimemsihi asubiri kwenye kibanda cha tambi, ng'ambo ya geti lenu. Hawezi kutafuna vitu vigumu. Mwagizie supu.

Ni mimi mdogo wako,
Khamsing