Picha Nyeupe ya Frida

Gungu, Kigoma
12 Agosti 1997

Kaka Oswald,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Skolastika na watoto, na kwamba Mama anaendelea kula vizuri. Sisi huku Gungu hatujambo, ila mgongo unanisumbua kwa kuinamia kamera kutwa nzima. Bonifasi aliyeleta dagaa juzi ndiye anayerudi Ilagala na barua hii. Nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako, asimpe mtu mwingine yeyote, hata wifi.

Bonifasi kaniambia kwamba Jumamosi unapanda boti kwenda Baraka kumtafuta mdogo wetu Frida. Nilipolisikia hilo, kaka, nilishika kalamu papo hapo. Huko Kongo, ng'ambo ya ziwa, bado hakujatulia. Wanaume wanashushwa botini na hawaonekani tena, hayo nayasikia kila siku kwa wanaofika. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujafunga mzigo. Najua utakasirika. Kasirika, lakini soma.

Unajua kwamba tangu mwezi wa pili napiga picha za wakimbizi kambini Lugufu, zile zinazobandikwa ubaoni ili ndugu watafutane. Mwezi wa nne aliketi mbele yangu mama mmoja kutoka Baraka, jina lake Eufrasia. Nikamwambia atazame kamera, yeye akawa ananitazama mimi. Akasema, "Dada, una sura ya jirani yangu Frida." Nikamuuliza Frida gani, akanitajia mumewe muuza vitenge, akanitajia na kwetu Ilagala. Tulizungumza mpaka watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Alichonieleza nitakuandikia hapa chini, nipe nafasi kidogo.

Wiki ileile ukaniita nyumbani. Unakumbuka Mama alivyokuwa: kagoma kula, kageukia ukutani, na majirani wameshaanza kunong'ona habari za matanga. Nilikuja nimedhamiria kusema niliyoyasikia. Mama akanishika mkono, akaniambia hataki dawa wala uji, anataka kuiona sura ya Frida tu, baada ya hapo Mungu afanye apendavyo. Nikameza maneno yangu. Nawe ukanivuta uani ukaniuliza, mimi mwenye kamera, ninayeonana na watu wa Baraka kila siku, nashindwa vipi kupata picha moja? Swali lile liliniuma, sikufichi. Nilirudi Gungu nikiwa na hasira na wewe, na zaidi na nafsi yangu.

Jumapili, watu wakiwa kanisani, nikafunga mlango. Nikatundika shuka jeupe ukutani, jingine nikalitandika mezani. Flashi mbili nikaziweka nyuma ya kiti, kulia na kushoto, zikielekea ukutani, ya tatu nikaielekeza kwenye mwavuli mweupe ulio mbele yangu. Zina kijicho kidogo, moja ikiwaka nyingine zinaiona, nazo zinawaka papo hapo. Ukuta ukipata mwanga mwingi kuliko uso, ukuta unapotea. Shuka la mezani nalo linaurudisha mwanga chini ya kidevu, kivuli kikakosa pa kukaa. Kisha nikafungua lenzi zaidi ya ninavyowapigia watu wa pasipoti. Nikajifunga kilemba cha kitenge, nikaitegesha kamera ijipige yenyewe, nikakimbilia kiti. Sekunde kumi. Mara ya kwanza nilifumba macho. Ya pili nilikuwa nalia. Nilirudia mara kumi na moja, na Mungu anisamehe, nilikuwa natafuta kutabasamu.

Nilipozisafisha, moja ilitoka nyeupe kabisa, yamebaki macho, nyusi, mdomo na kilemba. Mikunjo yangu haipo. Miaka saba niliyomzidi Frida yote imefutika. Ndiyo hiyo niliyoileta nikasema imekuja na abiria wa boti, na ndiyo iliyoko ukutani kwa Mama. Kaka, yule ni mimi. Kama huamini, itazame chini ya nyusi ya kushoto utaona kovu la kasia, ulilonipiga kwa bahati mbaya tulipokuwa wadogo. Mwanga haukulimaliza.

Nilifikiri Mama angepata nguvu, kisha ningemwambia taratibu. Kumbe Mama alikula, akasimama, akawafukuza majirani waliotaja matanga, akaanza kumtengea Frida vyombo. Kila nilipokuja alinionyesha ile picha, akaniuliza kama sioni mdogo wangu alivyonenepa. Nami nilijibu kwamba naona. Miezi mitatu nimejibu hivyo. Na sasa wewe unataka kwenda kufa kwa ajili ya picha yangu.

Frida hayupo, kaka. Alifariki mwezi wa kwanza kwa kuhara, ufukweni, wakiwa siku ya nne wanangojea boti. Mumewe alikuwa ametangulia kufa kwa risasi. Eufrasia na wanawake wawili walimchimbia kaburi kwa jembe la kuazima, wakamfunika kwa kitenge chake, wakasali. Hakuna wa kumtafuta huko.

Basi Jumamosi usipande boti. Nipokee mimi. Nitafika na Eufrasia, amekubali kuja kusema aliyoyaona. Mama usimwambie neno, na picha usiiondoe. Nataka niketi chini yake, bila kilemba, Mama atutazame wote wawili, nami nimwambie kwa kinywa changu. Akinilaani, nitakuwa nimestahili. Tukishamaliza, wifi atandike mikeka uani, tumlilie mdogo wetu kama watu wengine wanavyoliliwa.

Nisalimie wifi Skolastika, wabusu watoto, na umsalimie mzee Eliakimu wa jirani pamoja na wote wanaoniulizia. Kwa Mama peleka shikamoo yangu tu, mengine nitayaleta mwenyewe.

Ni mimi dada yako, uliyeniona ukutani ukaniita Frida,

Melania