Siku Nilipotoboa Mgongo wa Meli

Jumamosi, 5 Agosti 1995

Leo nimefanya kazi ndani ya MV Tumaini Jema, gatini. Ngazi ya sitaha ya juu imekatika, wameniita niichomelee. Tangu meli iuzwe kwa mtu binafsi mafundi wa zamani tulipunguzwa wote. Sasa wakikwama wanatutafuta huku mtaani kwetu Igogo kama vibarua.

Chini nimeona valvu za matangi ya maji zimeganda kwa kutu. Matangi yale ndiyo yanayoipa meli uzito wa chini, isilale. Matupu! Nimemwambia Chenge, msimamizi wao. Amenijibu kwamba nimeitwa kwa ajili ya ngazi. Basi nimemaliza ngazi, nimeondoka.

Jirani yetu Mastura amesikia nilikuwa melini. Binti yake Nusrat yuko Ukerewe kwenye harusi, atarudi na meli hiyo Jumatatu. Ameniuliza kama ngazi ni imara sasa. Nimesema ni imara.

Jumatatu, 7 Agosti

Meli imepinduka. Saa tatu asubuhi, mbele ya Pasiansi, mji unaonekana kabisa.

Naandika ili mikono itulie.

Kesho ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, kila mtu alikuwa anakuja mjini kwenye maonyesho. Wanasema walipanda mara mbili ya idadi inayoruhusiwa. Magunia ya machungwa juu, watu juu ya magunia. Walipoanza kuona mji wakahamia upande mmoja. Ikalala, haikuinuka tena.

Nilikwenda ufukweni na Mastura. Alitoka na kiatu kimoja, hakujua. Wavuvi walikuwa wanaleta watu kwa mitumbwi — wazima na maiti mtumbwi mmoja. Kila mtumbwi ukifika alikuwa anaingia majini hadi kiunoni kutazama nyuso. Nusrat hayumo.

Meli haikuzama yote. Imeelea kifudifudi, mgongo nje kama jabali. Mvuvi mmoja, Masalu, akanijia mbio. Kuna watu ndani, akasema. Wanagonga.

Akanipeleka kwa mtumbwi wake. Nilipanda mgongoni, katikati, nikagonga kwa nyundo mara tatu. Wakajibu mara tatu. Nikahamia mbele, nikagonga. Wakajibu na huko. Nikarudi katikati, nikaweka sikio kwenye chuma. Maneno hayasikiki. Nilimsikia mtu anakohoa.

Nilirudi ufukweni kumwambia Chenge. Walikuwa wamesimama wakubwa sita, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Boti ya uokoaji haina dizeli. Mitungi ya gesi ya karakana yao mitupu, na mwenye ufunguo wa stoo kaenda kijijini kwa sikukuu. Wazamiaji wanatoka mbali, watafika keshokutwa. Nikasema mitungi yangu ina gesi ya kukatia chuma, naweza kuutoboa mgongo tuwatoe. Wakasema nisubiri kibali. Nimesubiri hadi saa kumi na mbili jioni. Wakasema kesho.

Mke wangu Bernadeta ameniwekea ugali. Sijaugusa.

Jumanne, 8 Agosti

Nimekata. Imezama.

Alhamisi, 10 Agosti

Jana sikuweza kushika kalamu. Leo nitaandika yote, hata kama hakuna wa kuyasoma.

Walinichukua Jumanne saa mbili asubuhi. Masalu akabeba mitungi. Tulipofika meli ilikuwa imeshuka zaidi kidogo kuliko Jumatatu, na waliokuwa wanagonga mbele walikuwa wamenyamaza. Wa katikati walikuwa bado wanagonga.

Nilimwambia Chenge mbele ya watu. Meli hii imeshikiliwa na hewa. Hewa hiyohiyo ndiyo wanayovuta. Nikitoboa itatoka, maji yatapanda. Tuifunge kwanza kamba na mapipa matupu pande zote, au ivutwe hadi maji mafupi, ndipo nikate. Ndoo ukiizamisha kifudifudi haijai. Itoboe kitako uone.

Chenge alikwenda kuongea na wakubwa kwenye boti. Akarudi.

"Kata, Machibya," akasema. "Ndugu zao wako ufukweni wanatutazama. Tukikaa hivi watasema hatukufanya kitu."

Sasa hapa niwe mkweli, maana hili daftari ni langu mwenyewe. Sikulazimishwa kwa bunduki. Ningeweza kutupa mtungi majini. Lakini yule wa kukohoa alikuwa bado anakohoa, na mimi nilitaka kumtoa. Nilijua hesabu ya hewa, nikaiacha. Nikajiambia nitakata haraka kuliko maji.

Dakika ya kwanza chuma kilitoboka. Hewa ikatoka kwa mluzi, ikauzima moto. Ilikuwa ya moto, inanuka dizeli na machungwa. Ndani wakapiga kelele — nadhani za furaha. Waliona mwanga. Nikawasha tena. Nilipofikisha tundu la kupitisha mkono, mkono ukatoka.

Vidole vinne. Vimejaa mafuta meusi. Vikashika ukingo uliokuwa bado mwekundu na havikurudi nyuma. Nikavua glavu, nikavishika. Vikanibana.

Nikaona maji kwenye viatu vyangu. Chuma chote kilikuwa kinashuka, polepole, kama ng'ombe anayelala. Mluzi ukawa mkubwa. Nilipaza sauti waniletee kitu cha kuziba — mtu akanitupia koti lake. Koti! Masalu akanivuta shati kwa nyuma. Sikuviachia vile vidole. Havikuniachia. Maji ndiyo yaliyotutenganisha.

Mapovu yalitoka muda mrefu. Machungwa yakaibuka, mengi, yakatapakaa hadi ufukweni. Watoto wa huko hawakuyaokota.

Ijumaa, 11 Agosti

Mazishi ya pamoja. Majeneza yameisha mjini, mbao zimeisha. Wengine wamezikwa kwa mashuka. Padri na shehe walipokezana. Mastura alikuwepo, akakataa kutupa udongo. Amesema Nusrat hayumo katika hawa, yeye hawezi kuzika watoto wa wenzake na kumwacha wake.

Watu wananipa mkono. Wananiita fundi aliyejaribu. Kila mkono naupokea.

Jumanne, 15 Agosti

Chenge amekuja nyumbani. Amevaa shati la mikono mirefu, ana mkoba. Akamwamkia mama mkwe wangu vizuri, akaketi.

Tume ya uchunguzi inaanza Jumatatu. Jina langu limo. Amenipunguzia kazi, amesema: ameniletea maelezo yaliyopigwa chapa tayari, kinachotakiwa ni saini tu. Nimeyasoma mara mbili. Yanasema kwamba nilipoanza kukata, ndani kulikuwa kimya, hakukuwa na dalili ya mtu hai. Kwamba meli ilizama kwa uzito wake wenyewe na tundu halikuongeza wala kupunguza. Kuhusu valvu, hakuna neno.

Nimemuuliza, je, kugonga? Amesema chuma kikipoa hugonga chenyewe. Na mkono?

"Nani aliuona zaidi yako na mvuvi asiyejua kusoma?" akasema. "Karatasi hii inanilinda mimi, sikatai. Lakini inakulinda wewe zaidi. Aliyekata nani?"

Ameiacha mezani. Bernadeta hakuisoma, ameniuliza tu kama ni ya kweli. Nimemjibu ina sehemu za kweli. Akaondoa vikombe.

Jumatano, 16 Agosti

Mastura amekuja saa nane mchana. Nilitamani kutoka kwa mlango wa nyuma, nikaona aibu. Amekonda. Nimemwamkia, tumekaa.

Amesikia habari ya vidole. Masalu amesimulia sokoni. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei, kama vilikuwa na hina. Nusrat alipakwa hina harusini.

Nimesema vilikuwa na mafuta, rangi haikuonekana. Ni kweli. Akauliza vilikuwa vyembamba au vinene. Nimesema sijui. Hilo pia ni kweli — na tangu aulize nimekuwa nikijaribu kukumbuka, na kila nikikumbuka vinakuwa vyembamba zaidi.

Halafu akasema, "Baba Malimi, wapo wanaoniambia walikufa palepale, dakika ileile. Nikiamini hivyo napata usingizi. Lakini kama mwanangu alikaa mle siku nzima na usiku kucha anasubiri watu, basi nataka kujua ni nani aliyechelewa. Usiniambie leo. Leo siwezi. Nitakuja hiyo Jumatatu kwenye tume."

Bernadeta alimsindikiza hadi kwake. Mimi nimebaki na karatasi ya Chenge. Nikiisaini, Mastura atalala. Nisipoisaini, atajua kwamba walichelewa — na atajua pia ni mkono wa nani ulioitoa ile hewa. Yeye bado anadhani mimi ni yule aliyejaribu.

Jumapili, 20 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Sijasaini.

Jumatatu, 21 Agosti

Nyamagana. Nje ya ukumbi wa tume, kwenye benchi. Nimekuja na daftari kwa sababu mikono haina pa kukaa. Masalu ameingia kabla yangu, ametoka baada ya dakika tano. Anasema walimuuliza leseni ya uvuvi. Kuhusu kugonga walimwambia hilo ni la kitaalamu, watamuuliza fundi.

Chenge yuko upande wa pili wa veranda. Amenionyesha kalamu, ameiweka mfukoni, ametabasamu kidogo. Hana ubaya usoni. Naye ana watoto.

Mastura amefika. Amekaa kando yangu, ametandaza picha ya Nusrat mapajani — picha ya kitambulisho cha chuo. Baadaye amesema atakaa mstari wa mbele, maana sikio lake moja ni zito na anataka kunisikia.

Karani ametoka. Ameita jina langu. Ameuliza kama nina maelezo ya maandishi nikabidhi kabla ya kuingia. Chenge amesimama. Karatasi yake iko kwenye mfuko wa shati langu, naisikia ikikwaruza.

Nimesema sina.

Karani amesema basi nifunge daftari, nitaeleza kwa mdomo, na nianze pale ambapo Masalu amesema niliweka sikio kwenye chuma. Mastura keshaingia. Mlango uko wazi, ananiangalia kutoka mstari wa mbele, amenigeuzia lile sikio lake zima. Nafunga.