Miti Miwili ya Muhogo wa Ngungu

Mpendwa Papa,

Unakumbuka siku ile uliponicheka hadi ukakaa chini? Ulinituma nibebe miti ya muhogo tukaipande shamba jipya, ng'ambo ya kilima chetu cha Ngungu. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaiacha na majani yake yote, eti ionekane hai. Tulipofika, majani yalikuwa yamelegea na miti imeanza kusinyaa.

"Toa majani yote, mutoto yangu," ukaniambia. "Chini ya jani iko tunywa tudogo, kama vinywa vya mutu. Ile njo inapumua nayo, na maji inatokea pale pale. Sasa hii muti haina mizizi, itakunywa na nini?"

Nikauliza, jua likiwaka sana je?

"Inafunga kinywa. Lakini hewa njo chakula yake. Ikifunga siku mingi, njaa itaiua."

Biolojia uliisoma miaka miwili tu, Papa, lakini ulivyojigamba nayo!

Tulipokimbia vita, mwaka mmoja baada ya kukuzika, nilikata miti sita ya muhogo wako na kung'oa majani yote kabla ya kuondoka. Sasa tuko kambini Lushebere, mimi na Mama, chini ya bashi, turubai linalochemka kila adhuhuri. Miti niliilaza kivulini nyuma ya mlango, nikingoja njia ya kurudi ifunguke. Haifunguki. Tunaishi kama jani la saa sita mchana, tumejifunga ili tusikauke. Mimi siulizi tena habari za shamba, na Mama haimbi. Nimechoka kungoja, Papa, na kwenda siwezi.

Miti minne imekauka. Nilipotaka kuipanda iliyobaki, Mama alinishika mkono. "Ukipanda hapa, ni kusema haturudi."

Wiki nzima niliyaogopa maneno hayo. Jana nikaukwaruza mmoja kwa ukucha, utomvu ukatoka kwa shida. Nikachimba kando ya hema, nikaipanda yote miwili, nikalia hapo hapo na udongo mikononi.

Mama alinitazama, akaingia hemani. Kisha akaleta maji aliyooshea maharage, akayamwaga polepole kwenye udongo.

"Majani ikitoka, usichume ya kupika sombe," akasema. "Iache ifungue kinywa."

Lala salama huko kilimani, Papa. Nisamehe kwa kupanda mbali nawe.

Mimi binti yako,
yule aliyebeba miti na majani yake